Vijiwe vya shimo la tofali: ni vya enzi ya ukame?

SWALI: Nikichimba udongo wa tofali hapa Urambo nimekuta vijiwe vyeupe vya kwazi (quartz) vyenye makali. Jamaa mmoja anasema ni zana za mawe za watu wa kale, na udogo wake unaonyesha ni vya enzi za ukame mkubwa, na nikimlipa atavipima umri kwa kaboni. Nimpe?

JIBU: Usimpe, ndugu yangu. Kaboni hupima kilichowahi kuwa hai, kama mkaa au mfupa, tena haivuki miaka 50,000 hivi. Kwazi haikuwahi kuishi. Huyo anataka hela yako.

Kinachoniudhi zaidi ni hiyo habari ya "vidogo ukame, vikubwa mvua". Kila anayeniletea jiwe huja nayo. Zamani hata wasomi, Wayland kule Uganda na Leakey kule Kenya, walizipanga zana za mawe kwa vipindi vya mvua, na nadharia hiyo ilishaachwa tangu miaka ya 1960. Kwazi hupasuka ovyo, hivyo hutoa vibanzi vidogo, mvua inyeshe isinyeshe. Jembe lako nalo huipasua: angalia kama makali yanang'aa mapya, hayana doa la udongo.

Tabianchi husomwa kwenye udongo. Tope lililochimbwa chini ya Ziwa Nyasa ndilo lililoonyesha kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuwa na vipindi vya kiangazi kikali kiasi cha ziwa kupoteza zaidi ya asilimia 90 ya maji yake. Kule Olorgesailie, Kenya, mashoka makubwa ya mkono yalikuwa yameshaachia nafasi zana ndogo miaka 320,000 hivi iliyopita. Watafiti waliweza kuhusisha badiliko hilo na mazingira kwa sababu zana zilikuwa bado kwenye matabaka yake, yenye majivu ya volkano yanayopimika umri.

Kwa hiyo nawaomba wafyatua tofali na wachimba visima wote wa Tabora na Kigoma: mkiona vijiwe vya namna hiyo, acheni upande huo wa shimo. Pigeni picha vikiwa mlemle ukutani, pimeni kina kwa kamba, mwiteni afisa utamaduni wa halmashauri. Msiendelee kuchimba kuvitafuta. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali. Mchanga unaovizunguka unaweza kupimwa ni lini ulipigwa na jua mara ya mwisho. Mkiumwaga nje, asubuhi moja tu inatosha kuifuta kumbukumbu hiyo.