Maswali yenu: vijana, fedha na msimu wa korosho

Nimeanzisha klabu ya fedha shuleni. Nafundishaje bajeti kwa mtoto asiyeshika hata mia? – Mwalimu, Tandahimba

Mwalimu, weka kando lile jedwali la bajeti lenye safu ya "mshahara". Nani kwao ana mshahara? Waambie walete stakabadhi za korosho za nyumbani. Hapo kuna kilo, daraja na tarehe. Ubaoni andika bei iliyotangazwa mnadani, ondoa ushuru wa halmashauri, makato ya chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) na chama kikuu kilicho juu yake, usafirishaji na ghala, kisha walinganishe na kilichoingia benki. Mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani unapeleka korosho ghalani, unapewa karatasi, kisha zinauzwa mnadani, ulianzia mkoani kwetu Mtwara msimu wa 2007/08, na mpaka leo wapo wazee wanaoikunja karatasi ile na kuifutika kibindoni bila kuisoma. Nimemwona binti wa kidato cha pili akimsomea babu yake mstari kwa mstari, babu akauliza, "Kumbe na hili wanakata?" Wiki iliyofuata mzee alikuwa ofisini kwa katibu wa AMCOS. Viongozi wengine hawatalipenda somo hili. Lifundishe.

Mtu ananipa 60,000 sasa Agosti, nimpe gunia la korosho Oktoba. Huu ni mkopo wa kawaida? – Kijana, Newala

Hiyo ni kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kwa bei ya kutupa nje ya mfumo rasmi; imepigwa marufuku, na nimeiandika hapa mpaka nimechoka. Piga hesabu mwenyewe: gunia la kilo 80, tuseme kilo inakulipa 2,000 baada ya makato, ni 160,000. Umekopa 60,000, umelipa 100,000 zaidi kwa miezi miwili. Hata mkopeshaji wa kausha damu, yule wa riba ya kuumiza, angekuonea aibu. Najua Agosti ndani hamna kitu. Ndiyo maana fedha ya ufuta, inayoingia Juni na Julai, haitakiwi kuisha yote kwenye simu mpya.

Programu ya mikopo inataka kusoma namba zote kwenye simu yangu. Nikubali? – Liwale

Hapana. Ukichelewa siku moja, mama mkwe wako ndiye atakayetumiwa ujumbe. Kabla ya kukopa, angalia kama ina leseni ya Benki Kuu.

Mwanangu ana miaka 19. Tukusanye majina ya binamu zake tuombe mkopo wa halmashauri? – Mama, Lindi Mjini

Mama, majina si kikundi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) haina riba, lakini ni deni. Binamu wawili wakihamia Dar, nani atalipa? Waanze kuweka akiba pamoja kila wiki, hata 500, na daftari alishike asiye ndugu. Atakayeshindwa kuleta 500, ujue hata rejesho la mkopo hataliweza.

Kijana wangu kapata za korosho. Anunue bodaboda? – Mjomba, Masasi

Kila Novemba swali hilihili! Machi naziona zikiuzwa nusu bei. Aandike kwanza mafuta, tairi, bima, leseni na siku za mvua ambazo hakuna abiria. Kikibaki kitu, anunue.

Na kwa kuwa mmenichokoza, wajomba: mnamaliza msimu mzima kwenye ngoma za unyago na sare za kitenge, halafu mnaniuliza kwa nini kijana haweki akiba. Kamuulizeni yeye, mwaka jana za daftari alikopa kwa nani.