Vijana wa mpakani wenye lugha nyingi: weka dodoso kando kwanza

Mkuu mleta mada, umesema unataka kukaa na vijana wa miaka 14 hadi 18 wanaoishi mpakani na kubuni nao kitu kinachoeleza wao ni nani katika lugha zao tatu nne, na tayari una dodoso la maswali 30. Kazi hiyo nimeifanya miaka kadhaa kama mwezeshaji. Naomba dodoso lisubiri.

Sisi pia tulianza na fomu. Swali la kwanza: "Lugha yako mama ni ipi?" na mstari mmoja wa kujaza. Kijana mmoja aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Niandike ya mama, au ya bibi aliyenilea?" Mama alitoka ng'ambo ya mpaka, bibi ni wa upande huu, na shuleni anasoma kwa lugha ambayo si ya yeyote kati yao. Fomu yetu ilikuwa inamchagulisha mzazi.

Na mstari huo mmoja una uzito. Kule Südtirol, Italia, mpakani na Austria, ajira za serikali hugawanywa kwa uwiano wa makundi matatu ya lugha, Kiitaliano, Kijerumani na Kiladini, kwa mfumo uliojengwa juu ya sheria ya kujitawala ya mwaka 1972. Mfumo huo umewalinda waliokuwa wachache, siubezi. Lakini aliyekulia nyumba ya lugha mbili naye lazima ahesabiwe upande mmoja.

Kilichotufungulia mlango ni mchoro wa mwili. Kila kijana anapewa karatasi yenye umbo tupu la mtu na kalamu za rangi. Kila lugha anaipa rangi yake na kuiweka anapoona inakaa. Njia hii ilitumika kwanza na watoto wa shule, kisha mwanaisimu Brigitta Busch wa Vienna akaiendeleza sana. Binti mmoja alipaka kifua rangi ya lugha ya bibi yake, miguu rangi ya lugha ya ng'ambo, na koo akaliacha jeupe. Nilitaka kumuuliza palepale. Mwenzangu akanigusa mkono ninyamaze, na hadi leo namshukuru. Wiki mbili baadaye binti alisema mwenyewe kwamba darasani walikuwa wakimcheka matamshi, akaamua kutosema kitu. Mchoro usiufasiri wewe. Msikilize mwenyewe anavyoueleza, na asipotaka kueleza, liishie hapo.

Makosa yetu mawili, usiyarudie. Tulichapa kadi za lugha zenye bendera, na kabla ya mapumziko vijana walikuwa wamezibandua zote: lugha moja inasemwa pande zote mbili, sasa bendera ni ya nani? La pili lilikuwa baya zaidi. Aliyenukuu sauti tulizorekodi "alisafisha" maneno, kila sentensi iliyochanganya lugha akaigeuza ya lugha moja. Vijana waliposoma walisema, "Huyu si mimi." Walikuwa sahihi. Mchanganyiko huo ndio tuliokwenda kuusikiliza, nasi tukaufuta. Tulinukuu upya, safari hii wao wakiwa wamekaa pembeni ya mwandishi.

Kuhusu kuwashirikisha watumiaji katika kubuni, kumbuka wazo hilo lilikotoka. Mapema miaka ya 1970 huko Norwei, mwanasayansi wa kompyuta Kristen Nygaard alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wawe na kauli kuhusu kompyuta zilizokuwa zinaingia viwandani mwao. Mwaka 1981 ukaanza mradi wa UTOPIA na wafanyakazi wa uchapaji wa Skandinavia, ambao walijaribu mitambo isiyokuwepo bado kwa kutumia maboksi ya karatasi ngumu. Tangu mwanzo suala lilikuwa nani anaamua. Mtafiti Roger Hart alipochora ngazi yake ya ushiriki wa watoto mwaka 1992, yenye vidato 8, vitatu vya chini alisema si ushiriki kabisa, na kimojawapo ni mtoto kuwekwa kama pambo. Kwa hiyo jiulize: vijana wakikataa wazo lako, litakufa kweli?

Letu lilikufa. Tulitaka programu ya simu ya kamusi. Wao wakatengeneza kwa maboksi kituo cha kusikilizia, ambapo unabonyeza na kusikia mtu akibadili lugha katikati ya mazungumzo: anajibu simu ya shangazi, anaongea na mwalimu, anamgeukia rafiki. Ni kitu kizuri kuliko chochote tulichokuwa tumekifikiria.

Jambo moja usilipuuze hata kidogo: usikusanye njia wanazovukia mpaka, wala ramani za nyumba za ndugu. Wapo ambao karatasi zao hazijakamilika, na mchoro wa warsha unaweza kuangukia mikononi mwa mtu asiyewatakia mema. Karatasi wabaki nazo wenyewe, wewe upige picha ya zile tu wanazoruhusu, na ruhusa uiombe tena mwishoni.

Halafu dodoso lako wape walikate. Letu lilibaki na maswali manne, na la kwanza wakaliandika hivi: "Ni nani ungependa kuzungumza naye, na lugha ipi inakukwamisha?"