Maji yasiyofika shamba la mwisho: maswali yenu kuhusu neva za utumbo

Tangu niandike hapa juu ya kupandikiza uloto kwa wagonjwa wa seli mundu, simu yangu haipumziki: kila mtu ana swali la seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Wiki hii nimechukua yanayohusu utumbo.

*Mwalimu, mjukuu wangu alizaliwa, siku tatu zikapita hajapata choo. Tumbo likavimba kama ngoma, akatapika kijani. Jirani akasema ni chango, tumpe dawa ya mizizi. Mama yake akakataa, akamkimbiza hospitali. Wamekata kipande kidogo cha nyama ya utumbo kupima, wakasema mwisho wa utumbo wake hauna neva. Sasa anatolea choo kwenye tundu la ubavuni. Hizo neva zilikwenda wapi? Au mama yake alikula kitu? – Bibi, Machame*

Shikamoo bibi. Kwanza mpongeze mkamwana wako kwa ubishi wake, maana ndio uliomwokoa mtoto. Watoto wengi waliozaliwa miezi imetimia hupata kile choo cheusi cha kwanza ndani ya saa 24. Zikifika 48 bado kimya, au akitapika kijani, chango liacheni, nendeni hospitali.

Neva hazikwenda popote, bibi. Hazikufika. Wewe ni mtu wa Machame, mfongo, ule mfereji wa mashambani, unaujua: maji yanatoka juu mlimani, yanapita shamba hadi shamba, na wa chini kabisa hupata yakisalimika. Mtoto akiwa tumboni, seli zitakazozaa neva za utumbo huanzia juu, karibu na shingo, kisha huteremka na utumbo wote hadi kwenye njia ya haja. Safari hiyo ni kati ya wiki ya 4 na ya 7, wakati mama wengine hata hawajajua kama wana mimba. Zikikwama njiani, kipande cha mwisho hubaki kikavu. Na neva hizo ndizo zinazouambia msuli wa utumbo ulegee, choo kipite. Pasipo neva, msuli hubana muda wote, na uchafu hurundikana juu yake.

Hapo ndipo hata wataalamu walipotea. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Denmark aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1886 na ukaitwa kwa jina lake, aliangalia ile sehemu iliyovimba. Kumbe iliyovimba ndiyo nzima, imechoka tu kusukuma. Mbovu ni ile nyembamba iliyo chini yake. Ilichukua zaidi ya miaka 60 hadi Orvar Swenson, huko Boston, akate ile nyembamba, mwaka 1948, na watoto wakapona.

Alichokula mama hakihusiki. Hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 5,000, na wavulana ni kama mara nne ya wasichana. Wakati mwingine hutembea ndani ya ukoo, kwa hiyo akija mdogo wake, wakunga waambiwe mapema.

*Mwanangu ana miezi mitano na ana ugonjwa huohuo. Amepangiwa upasuaji mkubwa. Shemeji yangu aliyeko Marekani anasema tusikubali, kuna seli shina zinaotesha neva upya. Tusubiri? – Mama, Njiro*

Msisubiri, mama. Shemeji hajadanganya, ila ameruka hatua nyingi.

Upasuaji huo huondoa kipande kisicho na neva, kisha kilicho kizima huvutwa chini na kushonwa karibu na njia ya haja. Ni kazi iliyozoeleka. Wanaohangaika maabara wana sababu yao: baada ya upasuaji wapo watoto wanaoendelea kufunga choo, wengine hujichafua hadi wanaanza shule, na wengine utumbo wao hushikwa na maambukizi makali. (Hili liandike ukutani: homa, tumbo kujaa, kuharisha choo chenye harufu kali, hata kama upasuaji ulishapita, ni hospitali usiku huohuo.) Kwa hiyo wazo la kupanda neva badala ya kukata utumbo lina mantiki.

Limefika wapi? Mwaka 2016 watafiti wa New York walitumia seli shina za binadamu kutengeneza seli changa za neva za utumbo, wakazipanda kwenye utumbo wa panya waliozaliwa na hitilafu kama ya mwanao. Seli zilitembea zenyewe ndani ya utumbo mpana. Panya waliopandikizwa waliishi, wenzao wengi wakafa. Habari hiyo ndiyo iliyovuma. Lisilovuma ni kwamba haikuthibitika kuwa panya wale waliokolewa na neva mpya kufanya kazi; huenda seli zilisaidia kwa njia nyingine. Karibuni zaidi, watafiti wa London na Sheffield walipanda seli za namna hiyo kwenye vipande vya utumbo vilivyoondolewa kwa watoto wakati wa upasuaji. Vipande vikajikunja vizuri zaidi kuliko visivyopandwa. Lakini hivyo ni vipande ndani ya sahani ya maabara, mama. Mwanao ni mtoto mzima, na tarehe yake ya upasuaji imeshapangwa.

*Shikamoo mwalimu. Seli shina inajuaje iwe neva na siyo mfupa? – Kidato cha sita, Marangu*

Marahaba. Haijui, inaelekezwa. Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa utotoni kwa kuwashiwa jeni nne tu. Mwaka 2012 akapata Nobeli pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Ikishakuwa changa, wataalamu huilisha kemikali kwa zamu, siku kwa siku, wakiiga zile ishara ambazo mimba yenyewe hutoa. Ukikosea zamu unapata seli nyingine kabisa. Na zikibaki chache ambazo hazijaamua ziwe nini, zikipandwa zinaweza kuota uvimbe wenye nywele na meno ndani yake. Ukijiuliza kwa nini hawaharakishi, ndiyo hiyo.

*Tiba hii ni shilingi ngapi? – Majengo, Moshi*

Haina bei. Haiuzwi.

*Mambo ticha. Kuna dada ananiuzia vijipakiti vya unga wa seli shina, eti vinafufua neva za tumbo. Nichukue? – Bodaboda, Ngarenaro*

Poa. Seli shina ni kitu hai. Kuzitunza hugandishwa kwenye naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Wewe unaletewa kwenye mkoba, juani, halafu unakoroga na kunywa, tumbo linazipokea kwa tindikali kama linavyopokea supu. Hiyo hela tia mafuta.

*Nina kisukari mwaka wa ishirini. Nikila mchana, usiku bado chakula kimekaa, nacheua, natapika. Seli shina zitanifaa? – Mzee, Usa River*

Shikamoo mzee. Sukari ikikaa juu miaka mingi huumiza neva zinazoliambia tumbo lisukume. London, mwaka 2017, walipanda seli kwenye utumbo wa panya waliokosa aina moja ya neva, na chakula kikaanza kusafiri vizuri. Panya tena, mzee wangu, naona aibu kukutajia.

Mwambie daktari wako hayo uliyoniandikia, kwa sababu chakula kikichelewa na dawa ya sukari ikawahi, sukari inaweza kushuka ghafla. Makande ya usiku yaache, mafuta mengi pia. Mtori mwepesi hupita kirahisi, ila kidogo. Kula mara tano au sita, sahani ndogo, na usilale papo hapo. Ile nusu ya sahani ya mchana iachie saa kumi.