Kisamaki hiki au kisamaki huyu?

SWALI: Nafundisha shule ya msingi hapa Mwanza, karibu na mwalo wa Kirumba. Tumechora ukutani samaki wa baharini, na chini ya yule anayeitwa kitaalamu Dascyllus trimaculatus nikaandika: "Kisamaki hiki cheusi kina madoa matatu meupe." Mwalimu mwenzangu amefuta, akaandika "Kisamaki huyu mweusi ana madoa matatu meupe." Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, sentensi yako haina kosa. Mwenzako ameshika kanuni tuliyofundishwa sote, kwamba kiumbe mwenye uhai huingia ngeli ya A-WA hata jina lake likianza na ki-: kiboko huyu, kipepeo huyu, kijana huyu. Lakini ki- ya kiboko haipunguzi kitu. Mnyama mwenyewe mnamjua huko ziwani. Ki- ya kisamaki imebandikwa juu ya neno lililokwisha kukamilika, ili kulidogosha, na ikishabandikwa huvuta sentensi nzima nyuma yake: kitoto hiki kinalia, kijitu kile kimerudi.

Wapo wanaoandika "kisamaki huyu" kwa kuangalia uhai kwanza, nami siwakatazi. Ninachokataa ni mseto, "kisamaki hiki amejificha". Chagua njia moja uifuate hadi nukta.

Hata hivyo, ukutani mimi nisingeandika kisamaki kabisa. Udogoshi wa Kiswahili mara nyingi huja na dharau. Sikiliza tu kijitu, kidudu. Samaki huyu hastahili. Hukua hadi kama sentimita 14, na akiwa mchanga hujificha kwenye minyiri ya anemoni, mnyama wa baharini anayefanana na ua. Lakini msimu wa kuzaa dume husafisha jiwe, jike akataga juu yake, na dume akabaki palepale akiyapepea mayai kwa mapezi na kuwatimua samaki wakubwa kuliko yeye. Soma kwa sauti: "Kinapepea mayai yake." Baba amegeuka feni!

Wanafunzi wenu wakimwita furu, waelekezeni kwa upole. Furu ni jina la samaki wa ziwani, na kwa furu wengi wa Ziwa Victoria mama ndiye hubeba mayai, tena kinywani. Huyu ni wa bahari, wa kwenye matumbawe.

Jambo moja zaidi, kwa sababu watoto huhesabu. Doa moja liko kwenye paji la uso, na kila ubavu una lake. Mchoro wa ubavuni utaonyesha mawili tu, na la usoni hufifia samaki akikomaa. Kwa hiyo ningeandika: "Samaki huyu mdogo mweusi ana madoa matatu meupe, la tatu liko ubavu wa pili."