Re: Vyumba vitatu kwenye 50 kwa 100, korido imekula sebule

Habari dada. Nimekuelewa hivi: ploti iko Mamboleo, Kisumu, futi 50 kwa 100, unataka vyumba vitatu vya kulala, na korido uliyochorewa ni ndefu hadi sebule imebanwa.

Kabla hujagusa korido, simama kwenye ploti saa kumi jioni uone jua linapiga wapi. Mimi niliwalaza watoto upande wa magharibi. Saa nne usiku ukigusa ule ukuta, ni kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na kitinda mimba alishuka kulala sakafuni na mto wake. Joto la Kisumu unalijua. Upande huo weka stoo na bafu, vyumba vivute mashariki, na kila kimoja kikipata madirisha kwenye kuta mbili, bora zaidi.

Korido mara nyingi hurefuka kwa sababu choo na jikoni vimetupwa pembe tofauti. Vipange vipakane ukuta mmoja. Mabomba yatapungua na maji taka yatafuata njia moja.

Chora vyumba chini kwa chokaa. Kwenye futi 10 kwa 10, kitanda cha 5 kwa 6 kikiegemea ukuta kwa ubavu na kabati la futi 2 likikaa upande wa pili, unabaki na futi 3 za kupita.

Na chimba shimo kabla ya kupeleka ramani kaunti. Ukikuta udongo mweusi unaonata, kisha unapasuka ukikauka, mwite injinia aamue msingi, usimwachie fundi peke yake.