Jina kabla ya picha: kwa wapiga picha mnaoanza kazi Dodoma

Mbukwenyi, wadogo zangu.

Kila kijana anayekuja kujifunza kwangu huuliza kwanza kuhusu kamera. Mimi humwonyesha maboksi ya viatu. Mzee aliyenifundisha kazi hii alipofariki, familia yake ilinikabidhi maboksi hayo yakiwa yamejaa mikanda ya negativu: vijiji vya Dodoma, Manyoni na Kondoa, minada, misiba, mikutano ya hadhara, watoto wakichota maji kwenye mchanga wa korongo. Kuna kazi ya maisha mazima humo ndani. Juu ya boksi moja ameandika neno moja tu, "Vijiji". Hakuna jina la mtu, hakuna mwaka.

Yeye alikumbuka kila kitu, ndiyo maana hakuandika. Alipoondoka, kumbukumbu ikaondoka naye.

Katika boksi hilo mna picha ya wanaume wanne juu ya nyumba ya tembe. Mmoja ana boriti begani. Chini yao wanawake wamepanga mstari, wanapokezana udongo kwenye karai. Nilipoiskani mara ya kwanza sikusita hata kidogo. Nilijua historia ya mkoa huu: Operesheni Dodoma ya 1971, kabla hata ya amri ya 1973 iliyotaka nchi nzima ikae kwenye vijiji, familia zilizoacha tembe zao zilizotawanyika na kwenda kuanza upya kwenye nyumba zilizopangwa kwa mistari. Nikaandika: "Wananchi wakibomoa tembe kuhamia kijiji cha ujamaa." Picha ikatumika kwa maelezo hayo, nami nikajiona nimefanya kazi.

Miaka mingi baadaye niliibeba hadi kijiji kimoja upande wa Mvumi, nikitafuta mtu wa kunitambulia sura. Bibi mmoja aliishika, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akanyamaza. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, hawa hawabomoi. Hawa wanakandika." Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Paa la tembe ni bapa: boriti, juu yake fito, juu ya fito nyasi, halafu udongo. Kila mwaka kabla ya kifuku udongo mpya huongezwa, la sivyo mvua ya kwanza inaingia ndani. Akaweka kidole kwenye ule mstari wa wanawake. Udongo ulikuwa unapanda, haukuwa unashuka. Halafu akamtaja mwenye boriti: kaka yake.

Niliitazama ile picha pamoja naye kwa muda mrefu. Ushahidi wote ulikuwa mle tangu siku ya kwanza. Nilishindwa kuuona kwa sababu nilikuwa na hadithi tayari kichwani, tena hadithi ya kweli kuhusu mkoa huu, isipokuwa haikuwa hadithi ya picha ile. Ujamaa ulikuwa unapita nje ya fremu. Ndani ya fremu watu walikuwa wanatengeneza nyumba yao.

Kwa hiyo maelezo ya picha yaandikeni siku hiyohiyo, kabla hamjalala. Jina la mtu kama anavyolitaja mwenyewe. Kijiji, na kitongoji chake. Anafanya nini, kwa neno lake yeye: akisema kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe, andika neno hilo kwanza halafu ndiyo uweke Kiswahili chake. Kisha andika nani kakuambia. Hili la mwisho ndilo vijana wengi mnaliruka, na ndilo lingeniokoa. Mimi siku hizi natenganisha mistari mitatu: nilichokiona, nilichoambiwa na nani, na ninachodhani. Ninachodhani kinaanza na neno "labda", na neno hilo halifutwi mpaka mtu wa pale alithibitishe. Kwenye faili za kisasa maelezo hayo yaingize ndani ya picha yenyewe, kwenye metadata, yasibaki kwenye daftari peke yake. Daftari litapotea, picha itasafiri.

Mkikabidhiwa picha za zamani zisizo na tarehe, msikate tamaa. Mji huu umebadilisha vibao vyake mara nyingi, na kila kibao ni kalenda. Ukiona kibao cha CDA, mamlaka iliyoustawisha mji huu kuwa makao makuu, kinachong'aa kwa rangi mpya, uko kati ya 1973 na 2017, mwaka ambao mamlaka hiyo ilivunjwa. Kibao kipya cha "Manispaa ya Dodoma" ni cha kabla ya Aprili 26, 2018, tulipotangazwa kuwa jiji. Umati wa wanafunzi wenye fulana za UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, hauwezi kuwa wa kabla ya 2007. Ukuta wa duka ulioandikwa namba ya simu inayoanza na 0744 ni wa enzi kabla namba hizo hazijageuka kuwa 0754. Hata hivyo vibao huzeeka vikiwa ukutani, kwa hiyo kibao kilichochakaa hukuambia tu picha haiwezi kuwa ya kabla ya lini. Lini hasa utaulizia kwa watu.

Kuhusu kutunza, nitasema machache. Ukavu wa Dodoma ni rafiki wa filamu, ila joto na vumbi ni adui. Usiweke maboksi juu ya kabati chini ya bati. Oktoba chumba hicho ni tanuri. Negativu ishikwe kwenye kingo. Picha iliyosafishwa kwenye karatasi iandikwe nyuma kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino, na isibandikwe kwenye zile albamu za gundi tulizozipenda sana zamani, zimeharibu picha nyingi za harusi mkoa huu. Ukifungua boksi ukanusa siki, ujue filamu imeanza kuoza na mvuke wake utaziharibu jirani zake. Itenge, kisha iskani kabla ya nyingine zote. Nakala zako za kompyuta ziwe tatu, na moja isiwe chini ya paa moja na hizo mbili.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi, kwa sababu ninyi mmefika wakati ambao mzee wangu angeutamani. Tangu Serikali ilipotangaza Julai 2016 kwamba inahamia hapa kwa dhati, mashamba ya uwele na ya zabibu yanageuka viwanja mbele ya macho yetu. Mtumba kuna Mji wa Serikali. Treni za SGR, reli mpya ya kisasa, zinaleta abiria kutoka Dar es Salaam tangu 2024, karibu na reli ya kati iliyofika hapa 1910 wakati wa Wajerumani. Kila kamera inaelekezwa kwenye jengo jipya na kiongozi anayekata utepe. Hizo picha hazitapotea, zina wenyewe. Nendeni mkampige picha mama anayeanika mlenda kwenye turubai huku greda linanguruma nyuma ya nyumba yake. Pigeni bei iliyoandikwa kwa chaki soko la Majengo. Pigeni mnada wa Msalato, fimbo za wafugaji, viatu vya matairi. Hakuna atakayewatuma kazi hiyo, na malipo yake hayapo leo.

Chagueni mahali pamoja, mrudi kila mwaka, msimame palepale. Lakini rudini mwezi uleule. Dodoma ya Februari ni kijani mpaka mgeni anashangaa, Dodoma ya Agosti ni kahawia tupu. Ukilinganisha picha ya Februari ya mwaka mmoja na ya Agosti ya mwaka mwingine, utaandika kwamba mji umekausha ardhi, kumbe umepiga picha ya majira tu. Nimeona maonyesho yenye kosa hilo, yakisifiwa.

Mkiingia kijijini pigeni hodi kwa mtendaji na kwa mwenyekiti, kisha kwa mwenye nyumba, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote wawili pale uani kwake. Tangu Mei 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, isomeni. Mtu akikataa, shusha kamera, kaa, ongea. Na picha uliyompiga mtu irudi kwake ikiwa karatasi, si kwenye simu ambayo hana.

Yule bibi wa Mvumi hakuwa na picha ya kaka yake hata moja. Nilirudi wiki iliyofuata na nakala kubwa, nyuma yake nimeandika kwa penseli jina alilonitajia, na neno "anakandika". Aliomba nimsomee mara mbili. Kisha akaniuliza maboksi mengine nitayaleta lini.