Kuhusu halmashauri za England na nafasi za shule

Dada, umeuliza kama halmashauri huko England inawajibika kwa yeyote ikikwambia shule zimejaa. Inawajibika. Sheria ya Elimu ya 1996, kifungu cha 14, inaitaka ihakikishe shule zinatosha eneo lake. Kila mwaka hupeleka Wizara ya Elimu makadirio ya wanafunzi wajao, na fedha za kuongeza madarasa hutegemea takwimu hizo, kwa hiyo ikikadiria vibaya inajiumiza yenyewe.

Kuna na ripoti ya uandikishaji, ya kufika kwa Msuluhishi wa Shule (ofisi ya kitaifa inayoamua migogoro ya uandikishaji) ifikapo 31 Oktoba. Humo hueleza watoto walio chini ya uangalizi wa serikali na wenye ulemavu wanahudumiwaje. Lazima ichapishwe, ila wazazi wachache huisoma.

Ripoti haitampatia mwanao dawati wiki hii, lakini. Waandikie uombe orodha ya nafasi zilizobaki katika shule zote za eneo. Ukiomba, wanalazimika kukupa. Ombi la nafasi ya shule katikati ya mwaka lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 15 za shule. Wakikataa, kata rufaa. Scotland na Wales wana taratibu zao.